Unamaliza Lini?

Foleni ya chai ilikuwa ndefu, na baridi ya Nakuru ya Agosti haina huruma. Tulikuwa kwenye uwanja wa shule moja ya bweni, njia ya kuelekea Njoro, vijana wa makanisa kutoka Nakuru mjini, Molo, Naivasha, Gilgil mpaka Baringo. Kila mtu alishika kikombe cha plastiki akitafuta sura anayoijua. Ndipo mtu akanipiga begani kutoka nyuma.

"Buda! Kumbe bado uko?"

Nikageuka. Alikuwa Deski. Hilo si jina lake, ni jina tulilopeana sisi wawili kwa sababu tulikaa dawati moja miaka minne ya sekondari. Tukakumbatiana mpaka chai ya mtu ikamwagika. Akaniuliza habari za mama, za shosho, za ile timu yangu ambayo kila msimu inaniaibisha. Halafu likaja swali ambalo nilijua linakuja tangu nilipomwona.

"Na kampo? Unamaliza lini?"

Nikasema, "Desemba, Mungu akipenda."

"Amina!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari njema zake mwenyewe. "Nitakuja, walai. Hata kama ni kufunga kazi siku nzima, nitakuja na pikipiki."

Mimi nilikuwa nimeacha chuo miaka miwili kabla ya siku hiyo.

Wacha nieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu hukimbia kunihurumia kabla sijastahili. Baada ya mtihani wa kidato cha nne mimi niliitwa chuo kikuu, Deski hakuitwa. Kwenye hesabu alikuwa ananishinda mbali, lakini mwaka ule wa mwisho babake aliugua, naye akawa anakosa shule wiki nzima nzima akimwuguza. Mama yangu alipoitisha harambee ya karo pale kanisani, watu wakiwa wamekaa chini ya hema la bluu na beseni likizungushwa, Deski alikuja na noti tatu za mia tano. Wakati huo ndio alikuwa ameanza kuendesha bodaboda ya mtu Kaptembwa, na kila jioni lazima ampelekee mwenye pikipiki pesa yake kabla hajajinunulia chakula. Najua elfu moja mia tano ilikuwa siku ngapi za kazi. Alipopewa nafasi ya kusema neno, alisema sentensi moja tu: "Akisoma yeye, nimesoma mimi."

Kwa nini niliacha? Nikisema ni karo, nimesema nusu. Mchango wa kanisa ulinifikisha mwaka wa kwanza, mkopo ukachelewa, na mimi nikaanza kuandika kwa malipo. Kazi yenyewe wengi wenu mnaijua, na wengine mnaifanya: wanafunzi wa Marekani na Uingereza wanatuma kazi zao za darasa, sisi huku tunaziandika usiku, wao wanaweka majina yao juu. Mwanzoni nilikuwa natafuta karo. Baadaye nikawa nakosa vipindi vyangu ili nisichelewe na kazi za watu ambao sijawahi kuona sura zao. Nikakosa mtihani mmoja, nikakosa wa pili, na siku moja nikagundua kwamba nimemvusha mtu wa Ohio mwaka wake wa tatu wakati wangu umenishinda. Sikufukuzwa. Niliacha tu kwenda.

Mama alijua baada ya miezi sita. Alilia, halafu akasema tusiwaambie watu wa kanisa kwanza, tujipange. Hiyo "kwanza" ilikuwa na umri wa miaka miwili siku niliyosimama kwenye foleni ya chai.

Jioni ya siku ya kwanza ilikuwa ya shuhuda. Kama umelelewa kanisani unajua zinavyokwenda: Bwana asifiwe, Bwana asifiwe tena, nilikuwa mgonjwa na sasa nimepona, nilikosa kazi na sasa nimepata. Sizicheki. Kuna dada mmoja aliongea kuhusu mtoto wake mchanga na hata mimi nilifuta macho kwa mkono wa sweta. Lakini nikiwa nimekaa pale nyuma niliona jambo la kisarufi ambalo sijaweza kulisahau. Ushuhuda una nyakati zake. Shida iko kwenye "-li-", jibu liko kwenye "-me-". Nilikosa karo, Bwana amenifungulia mlango. Sijawahi kumwona mtu akishika maikrofoni na kusema: "Ninakosa karo. Bado ninakosa. Asanteni, naomba nikae." Mwenye shida iliyo kwenye "-na-" anangoja kimya mpaka ihamie kwenye "-li-". Au anaihamisha mwenyewe, kwa mdomo, kabla wakati wake haujafika. Mimi nilikwenda hatua moja zaidi, nikaruka moja kwa moja mpaka kwenye "-ta-". Desemba.

Na nikaongeza "Mungu akipenda." Nimelifikiria sana hilo. Kwa kawaida ni maneno ya unyenyekevu, lakini kwangu yalikuwa mtego: Desemba ikifika na hakuna sherehe, ionekane ni Mungu aliyebadilisha mawazo.

Kesho yake asubuhi nilipangiwa zamu ya kuosha sufuria na msichana ambaye sikuwa namjua. Sufuria za kupikia watu wengi hivyo hazina mchezo, unaingiza nusu ya mwili. Nikamuuliza yeye ni wa kanisa gani.

"Mimi ni Rafiki."

"Haraka hivyo? Hata sijakuambia jina langu."

Akacheka mpaka akaachilia steelwool. Alikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale ambao Waingereza na Wamarekani huwaita Quaker. Amekulia Free Area, ila wazazi wametoka Vihiga, ambako ndiko Kaimosi iliko, mahali Wamarekani watatu walipofungua misheni ya Marafiki mwaka 1902. Nilikuwa nadhani ni kanisa dogo la huko Magharibi. Kumbe hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Na kumbe mwezi wa Aprili 2012 zaidi ya mia nane kati yao walitoka pembe zote za dunia wakakutana hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kabarak, kwenye barabara ya kwenda Eldama Ravine. Ulikuwa mkutano wao wa sita wa dunia tangu ule wa London mwaka 1920, na mada yake ilikuwa kuwa chumvi na nuru. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi kilomita chache kutoka hapo na sikusikia chochote.

Napenda kuuwazia mkutano ule. Kuna Marafiki wa Uingereza ambao ibada yao ni kukaa kimya, hakuna mhubiri, mtu anasimama kusema neno likimjia tu. Na kuna Marafiki wetu wa hapa, wenye kwaya, ngoma na wachungaji kama kanisa lingine lolote. Hao wote waliketi kwenye ukumbi mmoja wakiitana jina moja kabla ya kujuana. Rafiki wa zamani na rafiki mpya katika mtu mmoja.

Jina hilo lilitoka kwenye Injili ya Yohana, sura ya 15, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wake kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki. Nilikuwa naijua hiyo sura tangu Sunday school, lakini sikuwahi kutazama sababu anayoitoa. Hasemi ni kwa vile anawapenda sana. Anasema mtumwa hajui bwana wake anafanya nini, na wao amewaambia yote. Tofauti anayoiweka hapo kati ya mtumwa na rafiki ni habari. Rafiki ni aliyeambiwa.

Tulipofika sufuria ya pili nilikuwa nimeshamwambia yule msichana kila kitu. Chuo, mitihani, mtu wa Ohio, mama. Yote ndani ya dakika kumi, mikono ikiwa na masizi.

"Aki pole," akasema. "Sasa unafanya nini siku hizi?"

Ikaisha hapo. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia la viazi. Nikajiambia, ona sasa, kumbe mimi ni mkweli.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Kwa nini ukweli ambao ulinishinda kumpa mtu niliyekaa naye dawati moja miaka minne, nilimpa bure mtu niliyekutana naye saa mbili asubuhi?

Jibu la haraka ni kwamba rafiki mpya hakuhukumu. Si kweli, watu wapya wanahukumu sana. Nafikiri jibu ni kwamba rafiki mpya hana chochote chako mkononi. Yule msichana hakuwa na picha yangu ya zamani ya kulinganisha na hii, wala hakuwa ametoa noti yoyote kwenye beseni. Ukweli niliompa haukunigharimu, na mimi ukweli usionigharimu nautoa kama vile mtu anavyogawa nguo zisizomtosha. Ukarimu wa namna hiyo si mbaya, lakini usiuite ukarimu mbele ya ndugu yako anayetetemeka kwa baridi.

Aristotle, yule Mgiriki wa kale, aliandika kwamba urafiki wa kweli unahitaji muda, na akakumbusha methali ya kwao kuwa watu hawawezi kujuana mpaka wawe wamekula pamoja kiasi fulani cha chumvi. Sisi pia tunasema mzee amekula chumvi nyingi. Kwetu chumvi inahesabu miaka ya mtu mmoja, kwao ilihesabu miaka ya watu wawili kwenye sahani moja. Mimi na Deski tumekula chumvi ya kutosha: githeri ya shule, maandazi ya kukopa, ugali wa matanga ya babake. Na nilichogundua ni kwamba hiyo chumvi yote si faraja tu, ni deni pia. Rafiki wa zamani ameweka akiba ndani yako. Ukibadilika bila kumwambia, anaendelea kuweka akiba kwenye akaunti iliyofungwa.

Siku ya tatu, mchana, tulikuwa kwenye foleni ya chakula mimi na Deski. Yule msichana akaja akasimama nasi. Nikawajulisha. Akamsalimia Deski vizuri, halafu akasema kwa furaha kabisa, bila nia mbaya hata kidogo:

"Huyu rafiki yako lazima aandike hiyo hadithi yake ya kuacha chuo. Mimi nilimwambia iko na watu wengi."

Deski akanitazama. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa mchezo. "Ai, si unamaliza Desemba?"

Ningeweza kuongopa tena. Nakiri kwamba uongo ulikuja tayari umevaa viatu: nilihamia chuo kingine, ni hadithi ndefu. Lakini msichana alikuwa ameshafunika mdomo kwa mkono, na Deski alikuwa ameona.

"Hapana," nikasema. "Niliacha."

Akatikisa kichwa polepole. Akapokea chakula chake, akala, akaosha sahani, akaenda kukaa na watu wa Molo. Hakunitukana, na natamani angenitukana.

Mkutano ulipokwisha tulikutana stendi mjini, mimi natafuta matatu, yeye ameegesha pikipiki. Nikaanza kuomba msamaha kwa ile pesa, nikamwambia nitairudisha. Akaniinulia mkono.

"Ile pesa si neno. Ilishaliwa. Shida ni kwamba mimi nimekuwa nikisema."

"Ukisema nini?"

"Nikisema wewe. Nikibeba mama anayelia kuhusu karo, namwambia usikate tamaa, niko na rafiki yangu alisomeshwa na harambee na sasa anamaliza. Kuna kijana wa plot yetu alitaka kuacha shule aingie kazi ya mjengo, nilimzuia kwa jina lako. Miaka miwili, msee. Umenifanya mwongo miaka miwili na mimi sijui."

Akapiga kiki, akaondoka. Mimi nikabaki na begi langu kwenye vumbi la stendi.

Nimesoma kidogo kuhusu uongo tangu siku hiyo, na mabishano mengi niliyoyakuta ni kama kwamba kuna watu wawili tu: anayedanganya na anayedanganywa. Je, ameumia? Je, ana haki ya kujua? Kwa mizani hiyo ningeweza kujitetea. Deski angeumia kujua, kwa hiyo nilimwepusha. Kuacha chuo ni jambo langu, si la umma. Na mama ndiye aliyeniomba ninyamaze. Kila moja ya sababu hizo ina uzito wake, na sitaki kuzidharau. Mtu ana haki ya siri. Si kila anayekuuliza "uko poa?" anastahili ripoti ya daktari.

Lakini Deski alinionyesha mtu wa tatu, na wa nne, na wa tano. Anayekupenda haweki habari zako kabatini. Anazibeba na kuzitumia, anajengea watu wengine matumaini kwa hizo. Ukimdanganya adui, uongo wako unafia pale pale, kwa sababu hakuamini wala hana haja ya kukusifu. Ukimdanganya rafiki, unaazima mdomo wake. Atasema uongo wako kwa moyo safi, kwa ushawishi kuliko wewe mwenyewe, kwa watu usiowajua. Nilikuwa nimezoea kuuza maneno yangu yatembee chini ya majina ya watu wengine. Sikujua kwamba kwa Deski nilikuwa nafanya kinyume: uongo wangu ulikuwa unatembea chini ya jina lake zuri.

Kwa hiyo mimi natenganisha kuficha na kudanganya kwa swali moja. Je, kuna mtu anajenga juu ya kile ninachomwachia aamini? Kama hakuna, ninyamaze nikitaka. Jirani asiyejua kama nilimaliza chuo hapungukiwi kitu. Lakini kama mtu ameshaweka matofali juu ya kimya changu, hicho si kimya tena. Ni msingi mbovu, na mimi ndiye fundi ninayeangalia nyumba ikipanda.

Turudi kidogo kwa Marafiki, kwa sababu kuna jambo lao lingine lililonigusa. Katika Uingereza ya karne ya 17 walikataa kuapa, hata mahakamani. Mwaka 1662 ikatungwa sheria ya kuwaadhibu kwa hilo, na wengi walifungwa. Hoja yao ilikuwa rahisi: nikikubali kuapa kwamba leo nasema kweli, nimekiri kwamba siku nyingine neno langu ni la daraja la pili. Leo Katiba yetu ya 2010 inampa kiongozi anayeingia ofisini nafasi ya kuapa au kuthibitisha tu kwa dhati bila kiapo.

Sasa tusikilize sisi vijana wa mjini tunavyoongea. Walai. Haki ya Mungu. Mungu moja. Hatuwezi kuagiza chipsi bila kuapa. Tunajua wenyewe kwamba neno letu tupu limechakaa, kwa hiyo tunalifunga kwa uzi wa jina la Mungu lisichanike. Pale kwenye foleni ya chai aliyeapa alikuwa Deski, na alikuwa anasema kweli. Mimi ambaye sikuapa ndiye niliyeongopa. Kiapo chake kilikuwa kimekaa juu ya uongo wangu.

Mtu ataniuliza: kwa hiyo unataka kila mtu apande jukwaani aanike maisha yake? Hapana, na hapa historia ya Wakristo wa Afrika Mashariki ina somo lenye pande mbili. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Kutokana na urafiki huo, na watu wa Gahini, miaka ya 1930 kulizuka Uamsho wa Afrika Mashariki, uliofika mpaka Kabete hapa kwetu mwaka 1937. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni: mtu anataja kosa lake kwa jina, mbele ya wenzake, likiwa bado bichi. Wengine walirudisha vitu walivyoiba. Mzungu alikiri kiburi chake mbele ya Mwafrika, katika enzi ambayo ukoloni haukutaka hata wakae meza moja. Hao hawakungoja shida ihamie kwenye "-li-".

Upande wa pili ni kwamba kukiri nako kunaweza kugeuka maonyesho. Yakishakuwa mazoea, kuna anayekiri ili aonekane, kuna anayesukumwa akiri asichotaka, na kuna anayeanika siri ya mwenzake akidhani anaanika yake. Ningepanda jukwaani usiku ule wa shuhuda na kusimulia habari za kuacha chuo, ningepigiwa makofi. Vijana wangenikumbatia. Na Deski angeisikia pamoja na mamia ya watu wengine, kama tangazo. Huo pia ungekuwa ukweli wa bei rahisi, sawa na ule wa kwenye sufuria. Ukweli niliodaiwa haukuwa wa maikrofoni. Ulikuwa wa mtu mmoja, kwenye foleni ya chai, na jibu lake lilikuwa neno moja.

Wiki mbili baadaye nilienda Kaptembwa. Nilimkuta Deski kwenye stendi yao, amekaa juu ya pikipiki akingoja abiria. Sikuwa na hotuba. Nilimweleza yote kwa mpangilio, mwaka kwa mwaka, na sikuanza na karo. Nilipofika kwa mtu wa Ohio akanisimamisha.

"Ngoja. Kwa hiyo huko Marekani kuna jamaa ako na cheti chako?"

"Kipande chake."

Akacheka, mara ya kwanza tangu ile foleni. Kilikuwa kicheko kifupi, na kilipoisha sura yake ikarudi pale ilipokuwa. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Yule kijana wa plot yetu. Utamwambia wewe ama nimwambie mimi?"

Nikaelewa alichokuwa anataka. Hakuwa anataka pesa wala machozi. Alitaka nirudishe kile nilichoazima, nianze na mdomo wake. Nikasema nitamwambia mimi.

Mama pia nilimwambia kwamba ile "kwanza" imeisha. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama angalau ningengoja mchungaji arudi kutoka safari. Nikamwambia sawa, huyo nitamngoja. Sijui kama hapo nilifanya vyema. Aibu ya harambee ni yake kuliko yangu, na nusu ya siri ile haikuwa yangu kuitoa peke yangu.

Kijana wa plot alitusikiliza akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sare ya shule ikiwa imeanikwa nyuma yake. Yuko kidato cha tatu. Nilimwambia kwamba niliacha, namna nilivyoacha, na kwamba Deski hakujua alipokuwa anamwambia habari zangu. Nilitegemea avunjike moyo, au anitazame kwa ile dharau ya watoto wa kidato cha tatu. Akafikiri kidogo, akauliza:

"Na vile vitabu vyako vya fizikia, bado uko navyo?"

Nilikuwa navyo, kwenye katoni chini ya kitanda. Nikampelekea Jumamosi. Deski ndiye aliyenibeba, mimi na katoni, na tulipofika akanitoza nauli.